Nani Alistahili Kwenda Sochi? Kisa cha Mirai Nagasu na Ashley Wagner

Jumamosi usiku, 11 Januari 2014, mashindano ya taifa ya Marekani ya kuteleza kisanaa kwenye barafu yalifika mwisho kwa upande wa wanawake katika ukumbi wa TD Garden, Boston. Gracie Gold aliibuka wa kwanza kwa alama 211.69. Polina Edmunds, binti wa miaka 15, alishika nafasi ya pili kwa 193.63. Wa tatu alikuwa Mirai Nagasu, 190.74. Ashley Wagner, aliyekuwa ametwaa ubingwa wa taifa mwaka 2012 na 2013, alianguka mara mbili katika programu ndefu, sehemu ya pili ya shindano baada ya programu fupi, akaishia wa nne kwa 182.74.

Marekani ilikuwa na nafasi tatu za wanawake katika Olimpiki ya Sochi, Urusi. Kesho yake shirikisho la mchezo huo likataja majina: Gold, Edmunds, Wagner. Nagasu akawekwa akiba.

Wapenzi wa mchezo huu wamebishana juu ya Jumapili ile kwa miaka, na mara nyingi wanabishania swali moja tu: nani alikuwa bora kati ya Wagner na Nagasu? Kwa maoni yangu swali hilo ndilo linalotupoteza. Ukitaka kuona Nagasu alivyoonewa, mtazame msichana wa tatu katika kisa hiki, yule ambaye hakuna aliyemgusa. Nitamfikia. Kwanza tuone nafasi hizo tatu zilitoka wapi.

Katika mchezo huu nchi haijipangii idadi ya wachezaji wa kwenda Olimpiki. Idadi hutokana na mashindano ya dunia ya mwaka uliotangulia. Kwa kanuni ya wakati ule, nafasi walizomaliza wachezaji wawili bora wa nchi zilijumlishwa, na jumla ikiwa 13 au pungufu, nchi ilipata nafasi tatu. Wanawake wa Marekani walikuwa wameporomoka. Katika Olimpiki ya Vancouver mwaka 2010 walipeleka wawili tu, na kwa mara ya kwanza tangu 1964 wakarudi nyumbani bila medali ya mtu mmoja mmoja. Kwa nchi iliyowahi kutoa Peggy Fleming, Dorothy Hamill, Kristi Yamaguchi, Tara Lipinski na Sarah Hughes, wote mabingwa wa Olimpiki, hilo lilikuwa pigo. Nafasi ya tatu ilirudishwa Machi 2013 katika mashindano ya dunia yaliyofanyika London, ile ya jimbo la Ontario nchini Kanada. Wagner alimaliza wa tano, Gold wa sita. Tano na sita, kumi na moja.

Kwa hiyo nafasi ambayo Nagasu aliipigania Boston ilikuwepo kwa sababu Wagner na Gold waliitolea jasho. Anayemtetea Nagasu, na mimi ni mmoja wao, hana budi kulikubali hilo mwanzoni kabisa.

Kuna historia nyingine kati ya wawili hawa. Mwaka 2010, katika mashindano ya taifa ya Spokane, Nagasu alikuwa wa pili na Wagner wa tatu. Nafasi zilikuwa mbili. Nagasu, akiwa na miaka 16, akaenda Vancouver na kumaliza wa nne duniani. Wagner akabaki nyumbani, na tangu hapo akabeba jina la msichana wa kukosa kidogo. Miaka minne iliyofuata alilifuta jina hilo kwa kazi. Alihamia California na kufundishwa na John Nicks, mwalimu mkongwe wa mchezo huu, akawa bingwa wa taifa mara mbili, na Desemba 2013 alishika nafasi ya tatu katika fainali ya Grand Prix, mfululizo wa mashindano ya kimataifa wa kila msimu, mjini Fukuoka, nyuma ya Mao Asada wa Japani na Yulia Lipnitskaya wa Urusi. Katika kipindi hichohicho Nagasu aliteremka. Mwaka 2013 alikuwa wa saba katika mashindano ya taifa. Vuli ya 2013 alikuwa wa nane katika NHK Trophy, shindano la mfululizo huo kule Japani, kisha akajikusanya na kupata shaba katika Kombe la Rostelecom, Moscow. Alifika Boston akiwa ameachana na makocha wake wiki chache tu nyuma.

Na kanuni zilisemaje? Zilisema waziwazi kwamba timu haichaguliwi kwa matokeo ya mashindano ya taifa peke yake. Kamati ya shirikisho huangalia pia mashindano ya dunia, fainali ya Grand Prix na mengine ya kimataifa. Marekani ina michezo inayofuata njia tofauti kabisa. Katika riadha, ukifika kwenye majaribio, ukawa miongoni mwa watatu wa kwanza na una muda unaotakiwa, unakwenda. Bingwa wa dunia akijikwaa siku hiyo, shauri yake. Kuteleza kwenye barafu wamechagua njia ya kamati, na wana sababu: mchezo wa kuhukumiwa kwa macho unategemea sana jinsi majaji wa kimataifa wanavyomfahamu mchezaji, na usiku mmoja mbaya unaweza kuficha msimu mzuri. Patricia St. Peter, rais wa shirikisho wakati huo, aliwaambia waandishi kwamba ukiangalia rekodi, Wagner ndiye mwenye sifa za juu kuliko wanawake wote wa Marekani.

Alikuwa sahihi. Kwa rekodi ya kimataifa, hakuna kati ya wanne hao aliyemfikia Wagner.

Ila kamati haikuwahi kuitumia kanuni hiyo hivyo kwa mwanamke mzima wa afya. Mwaka 1994 ilimpa nafasi Nancy Kerrigan, kwa sababu alipigwa goti kwa rungu mjini Detroit akashindwa kushindana katika mashindano ya taifa. Aliyempisha alikuwa Michelle Kwan, mtoto wa miaka 13. Mwaka 2006 Kwan mwenyewe alipewa nafasi akiwa majeruhi, mbele ya Emily Hughes aliyekuwa wa tatu, kisha akajitoa katika Olimpiki ya Torino baada ya maumivu kurudi na Hughes akaitwa haraka. Hao hawakupata fursa ya kushindana. Wagner aliipata. Aliingia barafuni, watu elfu kadhaa wakimtazama, akaanguka mara mbili, akashindwa na Nagasu kwa alama 8 kamili.

Alama 8 katika mchezo huu ni nyingi. Edmunds alimzidi Nagasu kwa alama 2.89, tofauti ambayo mruko mmoja uliotua vibaya unaweza kuizaa. Alama 8 hazizaliwi na jaji mmoja mwenye jicho baya. Mfumo wa wakati ule, ulioanza kutumika baada ya kashfa ya majaji kupanga matokeo katika Olimpiki ya Salt Lake City mwaka 2002, uligawa hukumu sehemu mbili. Kila mruko na kila mzunguko ulikuwa na thamani yake ya msingi, na majaji waliongeza au kupunguza kuanzia -3 hadi +3 kulingana na ulivyotekelezwa. Jopo la ufundi, ambalo ni watu wengine, hurudia picha za video kuona kama mizunguko ilikamilika angani kabla ya kiatu kugusa barafu. Kisha zipo alama za sanaa, vipengele vitano kwa wakati ule, kila kimoja hadi 10, ambazo kwa wanawake katika programu ndefu zinaweza kufika 80. Ni katika hizo 80 ndipo jina la mchezaji linapofanya kazi. Jaji aliyekuona ukiwa kwenye jukwaa la washindi Fukuoka hakuoni kwa macho yaleyale anayomtazamia msichana aliyekuwa wa saba mwaka jana. Wagner alikuwa na faida hiyo Boston, na bado akaachwa kwa alama 8.

Sasa turudi kwa Edmunds. Alikuwa wa pili Boston, na alistahili: miruko yake ilikuwa migumu, na msimu huo alikuwa ameshinda mashindano mawili ya mfululizo wa Grand Prix wa vijana. Lakini hakuwa ameshindana hata mara moja katika mashindano ya kimataifa ya wakubwa. Sochi ndiyo ingekuwa mara yake ya kwanza. Ukitumia kipimo alichokitaja St. Peter, rekodi ya kimataifa, yeye ndiye wa mwisho kati ya wanne.

Wapange basi wanne hawa kwa matokeo ya Boston peke yake: Gold, Edmunds, Nagasu wanakwenda, Wagner anabaki. Wapange kwa rekodi ya kimataifa ya wakubwa peke yake: Wagner wa kwanza, Gold anafuata, kisha Nagasu mwenye shaba ya Moscow miezi miwili nyuma na nafasi ya nne ya Olimpiki, Edmunds anabaki. Kwa kipimo chochote kimoja ukikitumia kwa wote, Nagasu yumo. Ili atoke, lazima upime msichana mmoja kwa Boston na mwingine kwa rekodi. Ndivyo ilivyokuwa. Edmunds aliingia kwa mlango wa matokeo ya usiku ule, Wagner kwa mlango wa rekodi, na Nagasu, aliyekuwa na funguo za milango yote miwili, akaachwa nje.

Mtetezi wa kamati atasema kuchanganya vipimo ndiyo maana ya kuwa na kamati, na kwamba mtu anaweza kuwa wa tatu katika kila orodha akawa wa nne katika jumla. Kihesabu inawezekana. Lakini basi hesabu ionekane. Hakuna uzito uliotangazwa wa kuonyesha Boston ina thamani gani ikilinganishwa na Fukuoka, wala shaba ya Rostelecom ina thamani gani ikilinganishwa na ushindi wa vijana. Kamati ilikaa faraghani, ikatoka na majina. Mchezaji hakuweza kujua kabla ya kuingia barafuni kama anashindania nafasi au anakamilisha ratiba.

Mahali penye giza namna hiyo, watu hujaza wenyewe. Wagner alikuwa tayari sura ya matangazo ya televisheni ya kuelekea Sochi na alikuwa na wadhamini wakubwa, hivyo wengi wakasema pesa ndiyo iliyochagua. Nagasu ni binti wa wahamiaji kutoka Japani waliokuwa na mgahawa wa sushi huko Arcadia, California, na Wamarekani wenye asili ya Asia waliuliza mbele za watu kwa nini safari hii kanuni imelegezwa kwa msichana mweupe mwenye nywele za dhahabu. Sijaona ushahidi kwamba kamati iliongozwa na pesa au rangi, na sitawasingizia. Lakini sioni haki ya kuwakemea waliouliza. Uamuzi usio na hesabu hauna cha kujibia tuhuma, hata kama waliouamua walikuwa na nia safi kabisa.

Nagasu alitoa tamko fupi: amesikitika, pengine hakubaliani, ila anauheshimu uamuzi. Katika onyesho la kufunga mashindano, siku ileile ya tangazo, alipanda barafuni akateleza mbele ya ukumbi uleule huku machozi yakimtoka, na watu wakasimama kumpigia makofi. Miaka minne baadaye Adam Rippon, mtelezaji mwenzake ambaye naye alikosa Sochi, alisimulia jinsi wawili hao walivyokaa juu ya paa la nyumba wakila baga, kwa sababu walikuwa na huzuni ya kutokuwapo huko.

Je, kamati ilifaidika kwa uamuzi wake? Tuwe wakweli, haikupata hasara. Sochi iliandaa kwa mara ya kwanza shindano la timu, na Wagner ndiye aliyepewa programu fupi ya wanawake tarehe 8 Februari. Aliteleza bila kuanguka, akaketi kwenye benchi la kusubiri alama, kamera ikiwa usoni pake. Ikasomwa 63.10. Tabasamu lilikatika, midomo ikatamka neno la kutoamini, na picha hiyo ikazunguka dunia nzima. Asada, aliyekuwa ameanguka katika akseli yake ya mizunguko mitatu, mruko mgumu unaoanzwa kwa kutazama mbele, alikuwa amepata 64.07. Marekani ilipata shaba ya timu, na Wagner ana medali yake kwa haki.

Katika mashindano ya mtu mmoja mmoja Gold alimaliza wa nne kwa 205.53, Wagner wa saba kwa 193.20, Edmunds wa tisa kwa 183.25. Nagasu alipelekwa kwenye mashindano ya Mabara Manne huko Taipei akamaliza wa kumi. Ukitaka kuithibitisha kamati kwa matokeo, unazo takwimu. Mimi sizikubali kama jibu, maana mtu aliyevunjwa moyo wiki mbili nyuma si kipimo cha yule ambaye angekwenda Sochi akiwa na jina lake kwenye orodha.

Kilichonigusa zaidi ni alichosema Wagner baada ya programu ndefu ya tarehe 20 Februari. Lipnitskaya alianguka katika programu zote mbili akamaliza na 200.57, mbele ya Wagner ambaye hakuanguka hata mara moja. Na juu kabisa, Adelina Sotnikova wa Urusi alikuwa amemshinda Kim Yuna wa Korea Kusini kwa 224.59 dhidi ya 219.11, akiwa nyumbani, huku pengo lao baada ya programu fupi likiwa chini ya theluthi moja ya alama, na Kim akiwa mbele. Katika jopo la majaji wa usiku huo alikuwapo Yuri Balkov wa Ukraine, aliyewahi kufungiwa kwa kujaribu kupanga matokeo ya Olimpiki ya Nagano mwaka 1998, na Alla Shekhovtseva, mke wa Valentin Piseev, kiongozi wa muda mrefu wa shirikisho la Urusi. Nani alitoa alama ipi haikujulikana, kwa sababu tangu kashfa ya 2002 majina ya majaji yalikuwa yakifichwa kwenye karatasi za alama. Malalamiko rasmi ya Wakorea yalikataliwa miezi michache baadaye.

Wagner hakunyamaza. Aliwaambia waandishi kwamba watu hawataki kutazama mchezo ambamo anayeanguka anapewa alama kuliko asiyeanguka, na kwamba kuficha majina ya majaji kukome ili kila mmoja awajibike kwa alama zake. Nadhani hakuna mchezaji wa Marekani aliyelisema jambo hilo kwa uwazi zaidi yake. Na kila neno lake lilimhusu pia Nagasu. Yeye aliyeanguka mara mbili alikwenda, aliyesimama alibaki, na waliopiga kura Boston hawakutakiwa kueleza hesabu yao. Simlaumu Wagner, hakujichagua. Nasema tu kwamba ugonjwa alioukuta Sochi upo pia nyumbani, na ulimnufaisha.

Shirikisho la kimataifa liliondoa usiri wa majaji katika mkutano wake wa Dubrovnik, Juni 2016. Miezi miwili kabla, mashindano ya dunia yalifanyika TD Garden, na Wagner akatwaa medali ya fedha nyuma ya Evgenia Medvedeva wa Urusi. Ilikuwa medali ya kwanza ya dunia kwa mwanamke wa Marekani katika miaka kumi. Waliokuwa na imani naye mwaka 2014 hawakuwa wajinga.

Nagasu naye alihamia Colorado Springs kwa kocha Tom Zakrajsek na akiwa mtu mzima akajifunza mruko ambao wengi hujifunza wakiwa watoto au hawaujifunzi kabisa, akseli ya mizunguko mitatu. Januari 2018, mjini San Jose, mashindano ya taifa yalimalizika hivi: Bradie Tennell, Nagasu, Karen Chen, na wa nne, tena, Ashley Wagner, kwa 196.19 dhidi ya 198.59 za Chen. Safari hii kamati ilichukua watatu wa kwanza kama walivyo. Wagner alisema wazi kwamba amekasirishwa na alama zake za sanaa. Mwezi uliofuata, katika shindano la timu la PyeongChang, Nagasu alitua ile akseli, mwanamke wa kwanza wa Marekani kufanya hivyo katika Olimpiki, na kurudi na shaba.

Unaweza kudhani kamati ilikuwa imejifunza. Lakini katika wiki hiyohiyo, mjini humohumo, Ross Miner alimaliza wa pili kwa wanaume akaachwa, na aliyechukuliwa ni Rippon, wa nne. Kwa rekodi Rippon alistahili zaidi, sina ubishi. Vigezo vya 2018 viliyagawa mashindano kwa madaraja, hatua nzuri, na bado majina yalitoka bila hesabu ambayo Miner angeweza kuikagua.

Ninachokitaka ni kidogo na kinawezekana. Uzito wa kila mashindano utangazwe msimu unapoanza, kwa namba. Wachezaji wa kimataifa na chipukizi wapimwe kwa fomula moja. Na kama kamati inaona sababu ya kwenda kinyume na namba hizo, iandike sababu hiyo chini ya majina ya waliopiga kura, siku hiyohiyo, mchezaji aliyeachwa aisome kabla waandishi hawajamfikia.